Udongo Mweusi wa Parke ya Keshero

Ubao mumoja wa mukaratusi juu ya mawe mawili ya volkano: hicho njo kijiwe chetu, pa Keshero, mu muji wa Goma, ku kona ya barabara inayoshuka ziwani, mbele ya mulango wa parke. Mukono wa kuume niko mimi na viatu vya watu. Jina langu ni Bahizire, lakini hapa wananiita Gundi, eti nikikaa siinuki. Pembeni yangu anakaa Papa Mushagalusa, Sekretere, aliyeandika barua mu biro miaka makumi mbili na saba, na mpaka leo hawezi kuomba sukari bila kuanza na "kwa heshima yote". Anafuata Viateur, yaani Flashi, mupiga picha za harusi, aparei iko shingoni hata siku hana kazi. Wa mwisho ni Carlos. Tunamuita Diaspora, ingawa mbali alikofika ni Gisenyi, hapo tu ngambo ya mupaka. Alivuka asubuhi, akarudi saa sita kula. Na mbele yetu wote, na termosi tatu na basini ya vikombe, anakaa Mama Henriette. Yeye hatukumupa jina la kijiweni. Mutu anayekupimia kahawa unamuita mama, basi.

Parke hii imefungwa mwaka wa pili sasa. Zamani ilikuwa depo ya mafuta ya kampani moja ambayo hata jina lake limefutika ku ukuta. Kampani ilienda, muji ukaweka majani, viti na bembea za watoto, tukafurahi. Halafu mafuta yaliyozama chini yakaanza kurudi juu. Mutoto anashuka ku bembea nyayo nyeusi, harufu ya mazut inamufuata mpaka ku kitanda. Wakafunga, wakazungusha mabati, wakasema watafungua siku watapata feza za kusafisha. Siku ile ile walimutoa Mama Henriette ku fasi yake ya miaka kenda, chini ya muti, kando ya maji, akapanda hapa ku vumbi. Alipoteza harusi za Jumamosi, wanafunzi, wapenzi, watu wa boti. Sisi tulipata kahawa karibu na matako yetu. Nasema wazi, hakuna mutu wa ubao huu aliyemuambia pole, na mimi niko wa kwanza.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane alifika amevaa kitenge kipya.

— Mama, kuna ndoa? Flashi akauliza. Kama kuna ndoa niambie mapema, batri yangu iko nusu.

— Hakuna ndoa. Leo injeniere wa proje anakuja. Feza za kusafisha zimepatikana. Imebaki aone kazi na macho yake, apige saini. Walisema saa ine.

— Na akipiga saini?

— Mwezi wa tisa narudi chini ya muti wangu.

Alisema hivyo polepole, akifuta kikombe ambacho kilikuwa kisafi tayari. Nilifurahi. Kisha nikaanza kufikiri mimi nitakunywa kahawa wapi, nikajikasirikia, nikapiga musumari ku kisigino cha kiatu cha watu mpaka ukatokea upande wa pili.

— Kwa heshima yote, Sekretere akaanza, feza ya nani?

— Ya wafadhili, Mama akasema.

— Wafadhili si jibu. Aliyechafua njo alipe. Mimi niliandikia ile kampani barua ine.

— Jina la kampani limefutika, Papa, nikamuambia. Uliandika kwa nani?

— "Kwa Bwana Mukubwa wa Kampani ya Zamani, Ulaya."

— Ulaya wapi?

— Posta ya kule inafanya kazi, Gundi. Wanajuana.

— Sasa walijibu?

— Kutojibu ni namna ya kukubali makosa. Mutu asiye na makosa angejibu.

Diaspora alikuwa anacheka ndani ya kikombe. Huyu akicheka hivyo, ujue kuna kitu kinakuja, na hakitakuwa kifupi.

— Nyinyi munanishangaza. Duniani kote watu wanalipa ili wapate mafuta. Goma peke yake njo inatafuta feza ya kutoa mafuta na kuyatupa. Mafuta yamelala chini pale, ni yetu. Mimi ningeweka pompe chini ya kila bembea. Mutoto anabembea mbele, nyuma, mbele, nyuma, mazut inapanda. Saa kumi jioni, watu wote wa moto-taxi wa Keshero wanapanga mulolongo na pikipiki zao, mabido mukononi, ya kujaza mafuta.

— Na mutoto akichoka? nikamuuliza.

— Mutoto anachoka na bembea? Wewe uliona wapi?

— Bembea ni mbili tu, Flashi akasema. Mimi sisubiri watoto. Harusi, njo feza iko pale. Kila bibi harusi wa muji huu anataka picha na ziwa nyuma yake. Munapima gauni. Metre moja ya mukia, bei moja. Metre tatu, bei tatu. Kwa ule wa bibi harusi wa Jumamosi iliyopita peke yake, tungesafisha mpaka ku bandari.

— Watakuja na magauni mafupi, Mama Henriette akasema.

— Basi tunapima mukia wa mama mukwe.

— Kwa heshima yote, Sekretere akasema, na nikaona ameinua kidole, muko munafikiri vitu vidogo. Hili ziwa liko na gazi ndani. Kila mutoto wa shule anajua. Munapitisha tuyo, bomba refu, munaleta gazi mpaka mu parke, munawasha, mafuta yanaungua yenyewe. Asubuhi moja. Feza sifuri.

— Na parke? Mama akauliza.

— Parke itapumzika kidogo.

— Na Keshero?

— Keshero wataambiwa mapema kwa barua.

Mama Henriette alitikisa kichwa, akamuongezea sukari bila kuombwa. Nafikiri alitaka kumuzibisha mudomo. Lakini Diaspora alikuwa hajamaliza, na mutu akishamupita na wazo la moto, hawezi kulala kabla ya kumupita tena.

— Rumangabo, akasema.

— Rumangabo kuna nini?

— Wanyama wa parke kubwa wanasimamiwa kule, njo au siyo njo? Mugeni anatoka mbali, analipa feza nyingi, anapanda kilima, anateleza ku matope, anakatwa na miiba, yote juu aone ngagi, yule sokwe mukubwa, muda wa saa moja. Tuandike barua. Sekretere ataandika. Watuazime ngagi mumoja, wa miezi mitatu tu. Tunamukalisha ku bembea. Mugeni anashuka ku taxi na viatu vyake safi, anaona ngagi, anaona ziwa, analipa.

— Anakula nini? Flashi akauliza.

— Majani si yako pale?

— Ya mazut?

Diaspora akainua kikombe chake.

— Atakunywa kahawa ya Mama.

— Aje tu, Mama Henriette akasema. Akikaa ku ubao wenu miezi mitatu, angalau kutakuwa mumoja anayenyamaza.

Tulicheka mpaka Flashi akamwaga kahawa ku lensi. Yeye mwenyewe Mama alicheka, na ilikuwa siku nyingi hatujaona meno yake. Kisha akaangalia barabara, kama injeniere anakuja. Ilikuwa bado.

Sasa lazima niwaambie habari ya bustani zetu, juu bila hiyo hamutaelewa aibu iliyotukuta. Goma tunaishi juu ya jiwe. Volkano ilimwaga, ikapoa, tukajenga juu. Ukipiga jembe mu parseli yako, kiwanja cha nyumba, jembe njo linalia. Mutu anayetaka lenga-lenga mbili za muboga ananunua udongo ku kamyo inayotoka Masisi ao Rutshuru, mufuko kwa mufuko, kama vile mwingine ananunua simenti. Udongo mweusi kwetu ni mali. Mutu akiwa nao mbele ya nyumba, tunapita tunasalimia udongo kwanza.

Basi mwezi wa tatu proje ilianza kuchimba ndani ya parke. Na siku moja tukaona, nyuma ya mabati, karibu na mulango, lundo. Lundo kubwa, jeusi, limefunikwa na bashi ya plastiki, na kibao pembeni. Sekretere, msomaji wetu wa Kifaransa, akaingiza kichwa kati ya mabati. Bashi ilikuwa imefunika nusu ya kibao. Alisoma nusu iliyobaki: ni marufuku kubeba.

— Munaona, alituambia siku ile. Udongo mubaya ungali chini, watautoa wakipata feza. Huu ni ule muzuri wameleta wa kupandia maua. Ungekuwa mubaya, wangekataza watu kubeba kwa nini?

Hata sasa nikifikiri kama mutu wa Goma, naona alisema akili. Nani, mu muji huu wa mawe, angepanga udongo vizuri, aufunike na bashi, auwekee kibao, kama ni takataka?

Bashi njo ilienda kwanza. Bashi haikai Goma. Kisha kibao, nafikiri sasa ni mulango wa banda la kuku la mutu. Halafu chukudu zikaanza kupanda, zile pikipiki zetu za mbao zisizo na moteri, mifuko mitatu-mitatu juu. Mwezi wa ine, kijiwe kizima tulikuwa wakulima. Diaspora alipanda vitunguu. Flashi, karoti, muke wake alitaka karoti. Mimi nilipanda poaro, vile vitunguu vya majani marefu. Mama Henriette alikuwa wa mwisho. Alibeba basini mbili za kilichobaki, akapanda lenga-lenga mu tairi ya zamani. Sekretere ndiye aliyekuwa na bustani ya kweli. Alichanganya ule udongo na mifuko miwili aliyokuwa nayo toka zamani, udongo mwekundu wa shamba la mama yake, kule Kabare, upande wa Bukavu. Aliuleta ku boti mwaka mama yake alikufa, na kila mwaka alipanda ndani mahindi machache tu, ya kuchoma na wajukuu.

— Vitunguu vyako? Mama Henriette akamuuliza Diaspora ile Alhamisi, juu ya kupitisha saa.

— Usiniulize. Vimekuwa rangi ya manjano kama vile viko na malaria.

— Karoti yangu ilitoka kama kidole cha mutoto, Flashi akasema. Tena kidole kidogo.

— Ni majivu ya volkano, nikasema.

— Ni jua, Flashi akasema, mwezi wa nane huu.

— Ni jirani yangu, Diaspora akasema. Anaviangaliaga sana.

— Na mahindi ya Papa? Mama akauliza.

Sekretere alikoroga kahawa.

— Mwaka huu yamekataa, akasema. Ni mara ya kwanza.

Hapo njo moto-taxi ikasimama mbele yetu. Akashuka musichana wa buti za plastiki, kofia ya kazi kwapani, kartable ya karatasi mukononi. Alitusalimia wote mumoja-mumoja, papa, papa, papa, mama, akasema anaitwa Olive, injeniere wa proje. Mama Henriette alikuwa amemuwekea kikombe kile cha maua, tangawizi mingi. Alikunywa amesimama, akasema kahawa ni nzuri, akaingia nyuma ya mabati.

Mama alinyoosha kitenge chake. Sekretere alivaa miwani. Flashi akawasha aparei, eti saini ya kihistoria.

Hakukawia kutoka. Alikuja mpaka mbele ya ubao, akatuangalia kwa adabu.

— Ba papa, samahani. Lile lundo la udongo liko wapi?

Kijiwe chenye majibu ya gazi, ya Ulaya na ya ngagi, kikanyamaza. Nilichukua kiatu nikakiangalia ndani.

— Udongo wa maua? Flashi akajaribu.

— Maua gani, papa? Ule udongo wenye mafuta. Tuliutoa wote chini mwezi wa tatu, tukaupanga pale tungoje feza ya kuupeleka fasi ya kuusafishia. Shimo nimeona, ni safi. Lakini feza iliyokubaliwa ni ya kubeba ule udongo. Kama hauko, mimi nitapiga saini juu ya nini? Na huko ulikoenda utakuwa unachafua.

Nilikuwa naona poaro zangu, manjano, zimeinama.

— Na bila saini? Mama Henriette akauliza.

— Dosie inarudi Kinshasa, mama. Parke inabaki vile. Mimi nitapita tena Jumamosi saa nane. Zaidi ya hapo siwezi kungoja.

Alipanda moto-taxi yake akaenda. Mama Henriette hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

— Mimi nilibeba basini mbili, akasema. Nyinyi?

— Mifuko ine, nikasema.

— Sita, Flashi akasema. Bibi alitaka karoti.

— Safari saba za chukudu, Diaspora akasema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Sekretere alitoa miwani.

— Mimi njo nilisoma kile kibao, akasema. Hakuweka "kwa heshima yote" mbele.

Mama akafunga termosi zote tatu.

— Kahawa imeisha, akasema. Akaibeba, na sisi wote tulisikia ikicheza ndani, imejaa.

Hatukukaa. Diaspora aliingia parseli kwa parseli, kutoka barabara kubwa mpaka ku maji, siku mbili. Mudomo ule ambao tulikuwa tunauomba unyamaze ukafanya kazi ya redio. Alisema wazi: udongo mweusi wa parke ni sumu, hauotishi kitu, na ukibaki kwako parke haitafunguka. Wengine walimukatalia. Halafu waliangalia vitunguu vyao. Sekretere aliandika tangazo, akalibandika ku mabati. Ilikuwa barua fupi kuliko zote za maisha yake: "Rudisheni. Hata mimi."

Jumamosi ni siku ya salongo, kila kartie, kila mutaa, inatoka asubuhi kufagia na kuzibua mitaro. Ile Jumamosi hakuna aliyefagia. Chukudu zilishuka, mifuko juu, udongo wa parke pamoja na ule wa kununua ambao watu walikuwa wamechanganya ndani. Mama mumoja alileta udongo mu sufuria. Muzee mumoja akaja na kitunguu bado kimesimama ndani, eti hana roho ya kuking'oa. Walikuja hata watu hatuwajui, toka kartie ya Himbi, na nyumba za Himbi ziko na magari, basi udongo ulishuka ku jeep. Mimi nilibeba mifuko yangu ine na mugongo wangu, na niliwaza maneno ya kumuambia Mama Henriette kila hatua.

Sekretere alifika na mukokoteni. Nilishika pao, yaani beleshi, kumusaidia, nikaona katikati ya weusi michirizi ya udongo mwekundu.

— Papa, hii si ya Kabare?

— Imeshachanganyika, Gundi.

— Tungechagua kidogo. Kwa mukono.

— Utaichagua na nini? Ilikunywa mafuta pamoja.

Akamwaga yote. Kisha alishuka ku maji, akanawa mikono, na alikawia kule. Hakuna aliyemufuata.

Saa nane kamili Olive alishuka ku moto-taxi. Alitembea kuzunguka lundo, akapima na kamba yake upande huu, upande ule, juu. Akaandika. Akafuta. Akapima tena. Sisi tulikuwa tumesimama mustari, hata Mama Henriette, mikono nyuma.

— Ba papa, akasema, sielewi. Mwezi wa tatu tuliacha metre kube kumi na mbili. Sasa naona kumi na sita. Hizi ine zimetoka wapi?

Tuliangaliana. Nani angeanza? Flashi aliangalia aparei. Diaspora akajificha nyuma ya chukudu. Sekretere alikuwa bado kule ku maji, anaangalia ziwa, upande wa Bukavu, na sikutaka mutu amuulize.

Mama Henriette akasogea mbele.

— Andika kumi na sita, mama, akasema. Andika imezaa. Mwaka huu njo kitu peke yake ilizaa pale.

Olive alituangalia wote, buti zetu, mikono yetu, kile kitunguu juu ya lundo. Nafikiri alielewa, juu hakuuliza tena. Aliandika kumi na sita, akapiga saini juu ya mugongo wa Flashi, na ile picha haikupigwa, juu mupiga picha njo alikuwa meza.

Nilisogea kwa Mama Henriette. Yale maneno yote ya njiani yalikuwa yamenitoroka.

— Mama, pole ya ile miaka mbili.

Aliniangalia, akafungua termosi, akanipimia kikombe, kisha akapima kingine, akaweka sukari tatu, akanipa vyote viwili.

— Hiki pelekea Papa kule ku maji, akasema. Na usimuongeleshe.